Umeme wa jua la kutengeneza: mauzo si faida

Na Mwandishi Wetu

KILA baada ya muda habari hii hurudi redioni: wanasayansi wa nchi fulani wamewasha "jua la kutengeneza", na sasa dunia iko karibu kupata umeme usiokwisha, unaotokana na maji. Pale mpakani Rusumo, ambako madereva na wafanyabiashara hukaa wakisubiri karatasi zao, habari kama hiyo haipiti bila mjadala. Mmoja atasema kwamba LUKU kule Ngara na Cash Power huku Kirehe zitakuwa vitu vya makumbusho. Mwingine atacheka na kusema maneno hayo ameyasikia tangu akiwa kambini, na kibatari hakijazimika.

Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Kitu kinachotangazwa kimefanyika kweli, si hadithi. Lakini kati ya kufanyika kwa kitu maabara na kuwaka kwa taa dukani pana safari ndefu, na watangazaji wengi huiruka. Mtu anayevusha mchele na vitenge anaielewa safari hiyo vizuri kuliko anavyodhani, kwa sababu anajua tofauti kati ya mauzo na faida. Anayehesabu fedha za jioni bila kutoa nauli, ushuru, kodi ya stoo na magunia yaliyoloa anajidanganya.

Kwa kipimo hicho hicho tuuangalie umeme huu.

Jua linavyowaka

Mitambo ya nyuklia inayotoa umeme leo hupasua viini vya atomu nzito za uranium. Jua hufanya kinyume. Linaunganisha viini vidogo kabisa, vya haidrojeni, vikawa heliamu, na katika kuungana huko nguvu kubwa hutoka. Wataalamu huita kazi hiyo muungano wa nyuklia.

Ugumu wake ni kwamba viini hivyo havipendani. Chukua sumaku mbili za spika mbovu uzielekeze upande unaofanana: zinasukumana. Viini vya atomu hufanya hivyo hivyo, na ili vigusane ni lazima vigongane kwa kasi kubwa mno, yaani viwe na joto kali. Katikati ya jua joto ni kama nyuzi milioni 15, na uzito wa jua lenyewe husaidia kukandamiza. Sisi hatuna uzito huo, kwa hiyo hapa duniani joto linalohitajika ni zaidi ya nyuzi milioni 100.

Hakuna sufuria ya kubeba moto wa namna hiyo. Gesi yenye joto hilo, inayoitwa plazma, ikigusa ukuta hupoa mara moja na kazi inakwisha. Njia inayotumika zaidi ni kuishika kwa nguvu za sumaku bila kuigusa. Wanasayansi wa Urusi, Igor Tamm na Andrei Sakharov, walibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 chumba chenye umbo la tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo, kikizungukwa na sumaku kubwa. Kinaitwa tokamaki, jina lililofupishwa kutoka Kirusi. Njia ya pili ni kupiga kidonge kidogo cha mafuta kwa miale mikali ya leza kutoka pande zote, kiungue kabla hakijapata nafasi ya kutawanyika.

Mafuta yenyewe ni aina mbili za haidrojeni. Ya kwanza, deuteriamu, imo katika maji ya kawaida: mapipa matano ya lita 200 yana kama gramu 33. Hapo ndipo panapotoka maneno ya "umeme wa maji ya bahari". Ya pili, tritiamu, tutairudia, maana ndiyo inayoharibu hesabu.

Hesabu ya chai

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore huko California, Marekani, ilipiga kidonge chake kwa miale 192 ya leza. Nguvu iliyoingia kwenye shabaha ilikuwa megajuli 2.05. Iliyotoka ilikuwa megajuli 3.15. Kwa mara ya kwanza katika historia, moto huo ulitoa zaidi ya ulichopewa. Dunia nzima ilitangaziwa, na kwa haki.

Sasa tuiweke hesabu hiyo jikoni. Megajuli 3.15 zinatosha kuchemsha maji ya chai, kidumu kimoja cha lita 10. Leza zilipeleka nguvu ya kuchemsha lita sita na nusu, ikatoka ya lita 10. Hayo ndiyo mauzo. Lakini kuziwasha leza zenyewe kulikula umeme wa gridi upatao megajuli 300, unaotosha kuchemsha karibu mapipa matano. Yaani umetumia kuni za mapipa matano, ukapata kidumu kimoja. Tangu siku hiyo maabara ile imerudia na kuzidisha kiwango chake, na mwezi Julai 2023 ilifikisha megajuli 3.88. Hata hivyo, pengo kati ya kidumu na mapipa halijazibwa.

Upande wa sumaku, bingwa wa miaka mingi alikuwa mtambo wa JET uliokuwa Culham, Uingereza. Mwaka 1997 ulitoa megawati 16 za joto kwa muda mfupi, baada ya kupewa megawati 24 za kupasha plazma. Mwaka 2023, katika majaribio yake ya mwisho, ulitoa megajuli 69 kwa sekunde zipatazo tano, nguvu ya kuchemsha pipa moja la maji. Mafuta yaliyoungua yalikuwa sehemu mbili tu za kumi za miligramu moja, chembe ambayo usingeiona kwenye kiganja. Hapo unaona kwa nini wataalamu hawakati tamaa: hakuna mkaa wala dizeli inayokaribia kitu hicho. Mtambo huo ulifungwa mwezi Desemba 2023 baada ya miaka 40 ya kazi, na katika miaka yote hiyo haukuuza hata uniti moja ya umeme. Haukujengwa kwa kazi hiyo.

Mradi mkubwa kuliko yote

Mwaka 1985, Rais Ronald Reagan wa Marekani na Mikhail Gorbachev wa Urusi ya Kisovieti walipokutana Geneva, walikubaliana nchi zao zishirikiane katika utafiti huu. Kutokana na mazungumzo hayo ukazaliwa mradi wa ITER, unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa. Wanachama wake ni Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, Japani, India na Korea Kusini. Mkataba ulitiwa saini Paris mwaka 2006.

Tokamaki ya ITER itakuwa na uzito wa tani 23,000. Ndani yake plazma itafikia nyuzi milioni 150, na mita chache kutoka hapo sumaku zitapozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Lengo lake ni kutoa megawati 500 za joto kwa kupasha plazma kwa megawati 50, yaani mara 10.

Mfanyabiashara asisahau kalamu yake. Megawati 500 hizo ni za joto, si za umeme. Joto likigeuzwa umeme, kwa kawaida hubaki kama theluthi moja au zaidi kidogo, tuseme megawati 170 hadi 200. Nao mtambo wenyewe, kwa maelezo ya mradi, utakula umeme usiopungua megawati 110 kwa kuendesha pampu, mashine za baridi na vifaa vingine, na kwa vipindi vifupi vya sekunde 30 utafika megawati 620. Bwawa letu la Rusumo, tunalogawana Rwanda, Burundi na Tanzania, lina megawati 80. Maana yake ni kwamba umeme wote wa Rusumo usingetosha hata kuiweka ITER macho. Ukitoa gharama hizo zote, kinachobaki ni kidogo sana au hakipo. Ndiyo maana ITER haitafungwa jenereta ya kuuza umeme. Ni shule, si kiwanda.

Na shule yenyewe imechelewa kufunguliwa. Plazma ya kwanza iliahidiwa mwaka 2016, baadaye ikasogezwa 2025. Mwaka 2022 ziligundulika nyufa katika mabomba ya kupozea, pamoja na vipande vikubwa vya chumba ambavyo kingo zake hazikukaa sawa, ikabidi virekebishwe. Mwaka 2024 ratiba mpya ikatangazwa: utafiti uanze 2034, na mafuta kamili ya deuteriamu na tritiamu yawashwe 2039. Gharama nayo imepita euro bilioni 20.

Ahadi za miaka 70

Kuchelewa huku si kugeni. Tarehe 24 Machi 1951, Rais Juan Perón wa Argentina aliwaita waandishi wa habari akawaambia kuwa nchi yake imeweza kuunganisha atomu. Kazi hiyo ilifanywa kwa siri kisiwani Huemul, katika ziwa la Nahuel Huapi, na mtaalamu kutoka Ulaya aliyeitwa Ronald Richter. Rais alisema nguvu hiyo itauzwa kwenye chupa, kama maziwa. Mwaka uliofuata kamati ya wanasayansi, akiwamo kijana José Antonio Balseiro, ilikwenda kisiwani na vipimo vyake. Ikakuta mitambo ya gharama kubwa na kishindo kingi, lakini hakuna atomu iliyoungana. Mradi ukafungwa.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Habari za Perón zilimfikia Lyman Spitzer, mtaalamu wa nyota katika chuo kikuu cha Princeton, Marekani. Hakuziamini, ila zilimfanya akae afikirie jambo hilo lingewezekanaje, na kutokana na fikra hizo ukaanza utafiti wa kweli wa Princeton. Huko Argentina nako Balseiro alianzisha mwaka 1955 taasisi ya fizikia karibu na ziwa lile lile, nayo ipo mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 1955, Homi Bhabha wa India, akiongoza mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva, alitabiri kwamba njia ya kutumia nguvu hii itapatikana ndani ya miaka 20. Mwezi Januari 1958 ikawa zamu ya Uingereza. Mkuu wa maabara ya Harwell, John Cockcroft, alitangaza kuwa mtambo wa ZETA pengine umefaulu, akasema ana uhakika wa asilimia 90. Kufika Mei mwaka huo ilibidi atangazo hilo lifutwe. Watu hawa hawakuwa matapeli kama wa soko la vito. Walikuwa mabingwa waliohesabu mauzo kabla ya kulipa madeni.

Linganisha na ndugu yake, umeme wa kupasua atomu. Moto wa kwanza wa uranium uliwashwa Chicago mwaka 1942, na mwaka 1954 mtambo wa Obninsk, Urusi, ukaingiza umeme kwenye gridi. Miaka 12 tu. Kupasua ni rahisi kwa sababu risasi yake, nyutroni, haisukumwi na kiini. Inaingia bila kubisha hodi. Kuunganisha kunadai joto la kushinda jua. Bomu la namna hii lililipuliwa mwaka 1952, lakini bomu ni la kubomoa, halina kazi ya kupika. Zaidi ya miaka 70 imepita, na hakuna mtambo wa muungano wa nyuklia uliowahi kutoa umeme wa kuuza.

Mbegu inayooza stoo

Tuirudie tritiamu. Kitu hiki hakichimbwi popote kwa kiasi cha kutosha. Kinapatikana kama mabaki ya mitambo fulani ya nyuklia, hasa ya Canada, na akiba ya kiraia ya dunia nzima inakadiriwa kuwa kama kilo 25. Tena haikai. Ukiweka kilo 10 stoo, baada ya miaka 12 na miezi michache utakuta kilo tano.

Mtambo mmoja wa joto la megawati 1,000, ukifanya kazi mwaka mzima bila kuzimwa, utakula kilo 55 hivi. Kwa hiyo hauwezi kununua mafuta, lazima ujizalishie. Njia inajulikana: nyutroni zinazoruka kutoka kwenye plazma zipige lithiamu iliyopangwa ukutani, nayo igeuke tritiamu. Ni kama mkulima anayetakiwa kila msimu avune mbegu ya msimu ujao na ziada kidogo, bila kupoteza hata debe. Katika karatasi inawezekana. Katika mtambo kamili haijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote, na ITER itajaribu vipande vidogo tu.

Nyutroni hizo hizo ndizo zinazokula nyumba. Zinabeba asilimia 80 ya nguvu yote, na kwa kuwa haziathiriwi na sumaku, hupiga ukuta usiku na mchana. Chuma huchoka, hupasuka, na chenyewe huwa na mionzi. Vipande vya ndani vitalazimika kubadilishwa na roboti, na kila siku ya matengenezo ni siku isiyo na mauzo. Kwa upande wa usalama, lakini, habari ni njema. Ndani ya chumba huwa na gramu chache tu za mafuta, na hitilafu ikitokea moto huzimika wenyewe. Taka zake nazo hazihitaji kulindwa maelfu ya miaka kama zile za uranium.

Wasomaji wanaokwenda Kalemie na Lubumbashi wamelisikia neno lithiamu. Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Congo, ipo akiba ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Asikudanganye mtu kwamba inatafutwa kwa ajili ya jua la kutengeneza. Kinachovuta wanunuzi leo ni betri za magari na simu. Hata hivyo ukanda wetu una kumbukumbu. Uranium nyingi ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Jiwe liliondoka, na umeme wa atomu haukurudi. Ikiwa siku moja lithiamu itatafutwa kwa kazi hii pia, bei na masharti yajadiliwe kabla lori halijavuka.

Wenye haraka

Miaka ya karibuni wameingia matajiri na kampuni binafsi, na fedha walizokusanya zimepita dola bilioni saba. Commonwealth Fusion Systems ya Massachusetts ilijaribu mwaka 2021 sumaku ya aina mpya yenye nguvu kubwa kwa ukubwa mdogo, na sumaku hizo ndizo sababu halisi ya matumaini mapya, kwa kuwa tokamaki inaweza kuwa ndogo na nafuu kuliko ITER. Kampuni hiyo imetangaza mtambo wa megawati 400 huko Virginia mwanzoni mwa miaka ya 2030. Nyingine, Helion, ilisaini mwaka 2023 mkataba wa kuiuzia Microsoft umeme kuanzia 2028. Serikali ya Uingereza nayo inataka mtambo wa mfano mwaka 2040, mahali palipokuwa na mtambo wa makaa ya mawe wa West Burton.

Kuweka plazma iwake muda mrefu pia kumesonga mbele. Mwezi Januari 2025 China ilifikisha sekunde 1,066, na mwezi uliofuata Ufaransa ikafikisha 1,337, zaidi ya dakika 22. Lakini hapo ilikuwa kushikilia plazma tu, bila kuunguza tritiamu.

Basi jibu ni lipi? Maoni ya makala hii ni kwamba umeme huu unawezekana. Hakuna sheria ya maumbile inayoukataza, na kila kipande kimeonyeshwa mahali fulani kwa kiasi fulani. Kilichobaki ni kuviweka pamoja katika nyumba moja inayolipa gharama zake, na hiyo ni kazi ya miaka mingi, si ya miezi. Hata ukifaulu, utalikuta soko lina wenyeji. Gharama ya umeme wa paneli za jua imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010, na jua lile halihitaji tritiamu. Nchi yenye viwanda vikubwa na ardhi ndogo inaweza kuukubali umeme wa bei juu. Mwenye saluni Kabanga au mashine ya kusaga Nyakarambi hawezi.

Kwa hiyo habari hiyo ikirudi redioni, na itarudi, muulize mtangazaji maswali matatu. Umeme wote ulioingia kwa kupitia mita ni kiasi gani, si ule uliofika kwenye plazma tu? Umetoka umeme, au joto? Na mafuta ya kesho mmeyazalisha, au mmeyala ya akiba? Siku atakapoyajibu yote matatu vizuri, hapo tutafunga duka mapema tusherehekee. Kabla ya siku hiyo, mwenye kutaka taa anunue paneli yake, na anayesimamia fedha za umma atengeneze nguzo na nyaya zinazoanguka kila mvua ikinyesha. Umeme utoke kwenye mto, gesi au jua la kutengeneza, utapita kwenye waya zile zile.